Weka Viazi Kabla ya Mtoto

Maneno haya niliyasema Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, mbele ya akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale tulipocheka kupita kiasi.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa Tukuyu na Kyela, mwagonile. Mliopanda basi gizani kutoka Njombe na Iringa, kamwene. Wengine wote hamjambo. Naona na wababa watatu wamejibanza pale mlangoni. Karibuni mbele, leo mtatumika.

Mwenyekiti kanitambulisha kama mtaalamu wa watoto. Mwenyekiti asante, lakini tusidanganyane, hawa ni watu wazima. Mimi ni fundi cherehani wa Mwanjelwa. Watoto wanne nimewazaa, wa tano kaniachia marehemu dada yangu, na wote watano mgongo huu unawajua. Utaalamu wangu unaishia hapo. Kilichonileta ni kwamba kazi inayofika kibandani kwangu imebadilika. Zamani ilikuwa sare za shule na vitenge vya harusi. Siku hizi haipiti wiki bila mama kuja na kibebeo cha mtoto, zile mbeleko za begi zenye mikanda na klipu, anasema, "Fundi, mkanda umeachia," au, "Fundi, kinanikata mabega, kipunguze." Nimevifumua vingi. Na kitu ukishakifumua unakijua kuliko aliyekiuza.

Wote mwishoni wananiuliza swali moja: ninunue kipi? Kanga inatosha, au nitafute hiki cha klipu, na kama ni cha klipu, kipya au mtumba?

Jibu langu nalitoa mapema kwa sababu najua wengine mnawahi magari. Kabla hujauliza bei, tazama magoti ya mtoto yamekaa wapi, kisha sikiliza uzito umekaa wapi kwenye mwili wako. Kinachofaulu hapo ni kizuri hata kikiwa kanga ya bibi yako iliyochujuka. Kisichofaulu ni mzigo, hata kikiwa na boksi lake na picha ya mzungu anacheka.

Tuanze na magoti. Mlaze mtoto mchanga chali umwangalie. Hanyooshi miguu, anaikunja kama chura. Nyonga zake bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa ndani ya kikombe, na kikombe chenyewe kinaendelea kujichonga kwa kufuata kichwa kilivyokaa. Mapaja yakitanuka na magoti yakapanda juu kidogo ya matako, kichwa kinatulia ndani. Ukimnyoosha miguu ukamfunga imebanana, unakisukuma kitoke. Japani, miaka ya 1970, waliwatangazia wazazi waache kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka, na ubovu wa nyonga ukapungua sana. Hapa jirani, ng'ambo ya mto Songwe, madaktari wa mifupa wanaofanya kazi Malawi waliandika mwaka 2015 kwamba ugonjwa huo wanaukuta kwa nadra mno, na wakaona huenda sababu mojawapo ni chitenje, kitenge chao cha kubebea: mtoto anashinda mgongoni, miguu imemkumbatia mama yake. Kumbe huenda bibi zetu walikuwa wanakinga nyonga bila kujua.

Sasa shikeni hiki. Niliuziwa na mteja aliyekichoka. Tazameni kitambaa kinachopita katikati ya miguu: upana wa kiganja changu. Mtoto akiingia humu ananing'inia kwa msamba, miguu inacheza kama suruali iliyoanikwa. Sisemi safari moja ya kwenda kliniki itamlemaza. Nasema mtoto anayebebwa saa nyingi kila siku anataka kiti, na hiki si kiti. Lakini usikitupe. Chukua skafu ndefu au kanga iliyochakaa, ipitishe chini ya matako ya mtoto kutoka nyuma ya goti hili hadi nyuma ya goti lile, uifunge juu ya mkanda wako wa kiunoni. Umepata kiti, na hukulipa fundi.

Uzito nitaueleza taratibu, maana ndio unaotuuma. Nani hapa anakaa Iganzo? Wewe mama, unapanda kutoka stendi na mtoto na unga kilo tano, ukifika juu unaongea? Haongei, mnamwona. Sisi hatubebi watoto kwenye sakafu ya supamaketi, tunabeba kwenye mteremko, na kwenye mteremko kosa dogo la kufunga linageuka maumivu ya mgongo.

Kanga. Unainama mpaka mgongo uwe kama meza. Mtoto anapanda, kifua chake juu ya mgongo wako, miguu imeachana kukuzunguka. Kanga inapita juu yake, pindo la chini unalisukuma hadi nyuma ya magoti. Kisha, kabla hujainuka, unavuta pindo la juu. La juu kwanza! Hapa ndipo tunapokosea. Tunakaza la chini kwa sababu ndilo tunaloona limebeba matako, la juu tunaliacha limelegea, tukisimama mtoto anaegemea nyuma. Mtoto wa kilo nane akiegemea nyuma unamsikia kama kilo kumi na mbili. Pindo la juu likikazwa, kifua chake kinagandana na mgongo wako, na mnakuwa mwili mmoja. Waswahili wanasema ukibebwa bebeka, ila mtoto hawezi kubebeka kama kitambaa hakijamsaidia.

Kingine cha kanga, na hili ni la kifundi: kanga mpya ina wanga. Inang'aa, inanukia duka, na fundo lake linateleza. Ifue mara tatu nne kabla haijabeba mtoto. Na jihadharini na hivi vitambaa vya poliesta vinavyouzwa kwa jina la kitenge. Ni vizuri kwa gauni, havififii, lakini havishiki. Pamba inashika. Ukitaka kujua, kunja pembe mbili ufunge fundo moja tu, uvute. Likifunguka kama kamba ya kiatu cha mtoto wa shule, hicho nenda kakishone sketi.

Ubaya wa kanga ni huu. Uzito wote unaishia kifuani au kwenye bega. Ukifunga fundo juu ya titi la kunyonyesha ukalima nalo kwa saa tatu, jioni titi limekaza na linauma. Lihamishie katikati, juu ya matiti, au pitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, na kila ukipumzika badilisha bega. Kwa mtoto aliyevuka kilo kumi na safari iliyovuka saa moja, mimi mwenyewe, mtu wa kanga, nakubali: kanga inachosha.

Hapo kibebeo cha klipu kinakishinda kitambaa, na kinashinda kwa kitu kimoja tu, mkanda wa kiunoni. Mkanda ukikaa juu ya mfupa wa nyonga ukakazwa, mifupa na miguu inabeba, mabega yanamzuia tu mtoto asianguke. Lakini wengi tunakivaa kama begi la shule. Mikanda ya mabega tunaivuta hadi mwisho, wa kiunoni tunauacha unapwaya kwa sababu unabana tumbo la uzazi. Vingi vya vile nilivyoletewa nivipunguze havikuwa na kosa. Nilimsimamisha mama, nikamlegezea mabega, nikamshushia mkanda mpaka juu ya nyonga, nikaukaza, mtoto akaingia. "Alaa!" Basi, shilingi elfu tatu ya matengenezo nikaikosa.

Niwachekeshe kidogo. Miaka ya 1960 nesi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikwenda kujitolea Togo na Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea. Akawaona wanawake wa kule wamewafunga watoto mgongoni kwa kitambaa, watoto wametulia. Alipopata mtoto wake, huko Colorado, akajaribu naye kujifunga. Mtoto anateleza. Akamwendea mama yake mzazi, ambaye alikuwa anajua kushona, wakatengeneza kitu chenye mikanda. Mwaka 1969 wakapata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wao, na kibebeo chao, Snugli, kikaenea Marekani. Mmesikia? Kibebeo cha dukani kimezaliwa kwa sababu kuna mtu fundo la mbeleko lilimshinda. Simcheki, na nampongeza mama yake kwa kushona. Ila nataka mjue kazi yake hasa: kinamfaa mtu ambaye fundo halimkai mkononi.

Na mtu huyo nyumbani kwako yupo. Wababa, ndiyo maana niliwaita mbele. Baba wa Mbeya atabeba gunia la viazi kutoka shambani hadi barabarani bila kulalamika, lakini mwambie afunge mtoto kwa kanga apite nayo Mwanjelwa, atasema mgongo unamuuma. Dereva mmoja wa bajaji aliniletea kibebeo cheusi nikibadilishe zipu. Nikamuuliza, cha mkeo? Akasema, "Changu." Jumapili anambeba mwanawe kwenda kanisani, mke anabeba Biblia. Kwa hiyo mkipiga hesabu ya bei, muweke na hiyo. Kanga inabeba kwa mgongo mmoja. Kibebeo anachokubali kuvaa baba kinakupa mgongo wa pili, na hata kama ni ghali mara tatu mimi naona kimejilipa.

Bei zenyewe sasa. Juzi niliulizia sokoni: doti ya kanga ya pamba inazunguka elfu kumi na mbili, na ni vipande viwili, kimoja kinabeba, cha pili unajifunika. Kanga hiyohiyo mtoto atalalia, utanyonyesha chini yake, utafutia mvua, na akikua itarudi kuwa kanga. Inabeba wa kilo tatu na inabeba wa kilo kumi na tano. Kwenye daladala ya kwenda Kabwe unaizungusha mtoto anakuja mbele, unakaa naye mapajani usimkandamize kwenye siti. Jaribuni kuzungusha klipu ndani ya daladala iliyojaa. Kwa matumizi mengi hakuna kinachoigusa.

Vibebeo vipya vya bei ya kati vinaanzia kama elfu thelathini na tano na kupanda. Kwenye mabelo ya mitumba unaweza kuokota BabyBjörn ya Sweden au Ergobaby ya Marekani kwa elfu ishirini, bidhaa ambayo kwao ni ya pesa nyingi. Lakini mtumba una historia yake, na wewe huijui. Na kipya nacho kinaweza kukuaibisha.

Mtoto wangu wa tatu nilimnunulia kipya, kwenye duka ambalo silitaji. Kizuri, cha bluu, nikatembea nacho kama mke wa mkubwa. Wiki ya tatu nashuka kwenye gari, mguu mmoja chini, mmoja bado kwenye ngazi, nikasikia "ta!" Klipu ya bega imepasuka. Mtoto akaenda upande, nikamdaka kwa sweta. Kwa sweta, jamani, sweta la kufuma la mama mkwe wangu, ambaye tangu siku hiyo sijawahi kumjibu vibaya. Niliporudi nikaifumua ile mikanda, nikakuta imeshonwa mstari mmoja tu, uzi wenyewe wa kushonea mashati.

Ndipo nikaanza jambo la viazi. Kibebeo chochote, kipya au mtumba, kabla mtoto hajaingia, tia kilo kumi za viazi kwenye kiroba kilichofungwa vizuri, kiingize pale anapokaa mtoto, funga klipu zote, vaa. Panda kilima, shuka. Ruka mara tano. Inama kama unaokota sufuria. Halafu vua ukague. Klipu yenye alama nyeupe kwenye mkunjo imeanza kufa. Mkanda uliochujuka upande mmoja umekaa juani miaka, vuta uone kama nyuzi zinatoka unga. Tazama kila mahali mkanda unapokutana na kitambaa: utafute mraba wenye msalaba ndani yake, umeshonwa kwa uzi mnene. Ukiona mstari mmoja, leta kwa fundi kabla ya kitu kingine. Viazi vikianguka vitapikwa tu.

Kuna aina moja ambayo hata viazi sivipi nafasi. Ile ya pembeni iliyo kama mfuko, mtoto anazama ndani amejikunja kama ndizi. Machi 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya juu ya mbeleko za namna hiyo baada ya watoto kufa, wengi wachanga wasiofika miezi minne. Kidevu kinaangukia kifuani, njia ya hewa inabanwa, na mtoto wa umri huo hana nguvu ya kuinua kichwa. Anakaa kimya, mama anadhani amelala. Ukikutana nayo kwenye belo, pita.

Hili la hewa linatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko wa Dar es Salaam, kwa sababu ya baridi. Mwezi huu huko Kitulo umande unaganda kwenye majani. Mama anamfunga mtoto mgongoni, kanga, sweta, blanketi zito mpaka juu ya kichwa, halafu bodaboda. Mtoto yuko gizani, anapumua hewa yake mwenyewe, na wewe humwoni. Blanketi liishie shingoni. Kichwa avae kofia ya sufu. Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake, na kama uko peke yako tumia kioo kidogo au kamera ya simu kumwangalia uso. Ukitaka kujua kama ana joto, gusa nyuma ya shingo. Mikono itakudanganya, mikono ya mtoto hupoa mapema. Na mkumbuke mgongo wako ni jiko na mbeleko yenyewe ni nguo, kwa hiyo mpunguzie sweta moja. Wainuti wa kaskazini ya Kanada, ambako theluji si hadithi, wanashona koti la mama lenye nafasi ya mtoto mgongoni, mtoto anakaa ndani ya koti pamoja naye na kofia kubwa juu. Nimeliona kwenye picha, na nawaambia watu wa Makete, nipeni kitambaa nitajaribu.

Mtoto njiti ni habari nyingine kabisa. Huyo vibebeo vya klipu havimhusu, vingi vinaanzia kilo tatu na ushee. Wa njiti anakaa kifuani, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya matiti, miguu kama chura, uso umegeuzwa upande, mnafungwa kwa kanga. Njia hii, wanayoiita ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, hospitali ikiwa na uhaba wa mashine za joto. Baadaye ukafanyika utafiti katika nchi tano, Tanzania na Malawi zikiwemo, matokeo yakatoka mwaka 2021: walioanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, vifo vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri ianze mapema hivyo, saa nane hadi ishirini na nne kwa siku. Saa nyingi hizo haziwezi kuwa za mama peke yake. Bibi afunge, baba afunge. Kwa kanga, wababa, na hapa sitaki kusikia habari za mgongo.

Mnaniuliza ningenunua nini mimi leo, ningekuwa na umri wenu. Ningechukua doti mbili za kanga ya pamba tangu siku ya kwanza. Mtoto akikaza shingo na kufika miezi sita, nisingekwenda dukani. Ningejishonea ya kufunga, kama Wachina wanavyobeba tangu enzi: kipande cha mraba na mikanda minne, klipu hakuna, cha kupasuka hakuna. Kitambaa cha kaki au jinzi kwa ndani, kitenge kwa nje. Upana kama sentimita arobaini, ila umpime mtoto wako, goti hadi goti. Urefu kama hamsini. Mikanda ya mabega mita mbili kila mmoja, imejazwa sponji pale juu, ya kiunoni sentimita themanini kila upande. Uzito unakwenda kiunoni kama wa klipu, na unafungwa kwa fundo kama kanga. Baba akichagua kitambaa cheusi atavaa bila kubembelezwa. Kitambaa, sponji na uzi havifiki elfu kumi na tano, ukiwa na cherehani au rafiki mwenye cherehani.

Nimekuja na vipande sita nimeshakata. Sindano ziko kwenye kopo, uzi mnene uko pale. Waliokuja na vibebeo vyao wavilete meza ya kushoto, sado mbili za viazi hizo hapo, vya Uyole, vimepimwa. Wababa watatu, simameni katikati. Nyinyi ndio mtakaoruka.